Tunaogopa Baridi ya Wenzetu, Kaskazi Yetu Tumeisahau

Mpwa wangu yuko shule ya bweni Lushoto. Alipofungua shule mwezi wa saba, dada alimtilia kwenye sanduku chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, yanang'aa kama maji ya kisima. Wiki mbili baadaye nikapanda kumpelekea sweta aliyoisahau. Nikaikuta chupa imesimama kando ya kitanda, mafuta yameganda meupe pe, na mtoto anayachokoa kwa kijiti. Shingo ya chupa nyembamba, kijiti hakifiki mbali. Nikaichukua nikayahamishie kwenye kopo. Tulipofika Korogwe, chupa iko miguuni mwangu ndani ya basi, mafuta yalikuwa yameshaanza kuachia pembeni. Segera yakawa maji matupu. Nyumbani dada akaiinua chupa kwenye mwanga, akayapima kwa jicho: hakuna tone lililopungua.

Naikumbuka chupa ile kila nikisikia watu wa Tanga wanazungumzia magari ya umeme. Shemeji yangu anatafuta gari dogo la umeme lililotumika Japani. Ana duka Ngamiani, watoto wanasoma Raskazone, na mafuta ya petroli yamemchosha. Lakini kabla hajatuma hata shilingi, alinitumia video ya gari lililozimika katikati ya theluji, dereva amejikunyata, kioo kimejaa barafu.

"Shemeji, hii gari si itatuzimikia Lushoto?"

Nikamwambia Lushoto si Norway. Akacheka, ila swali lake halikuwa la kuchekwa. Karibu kila anayeniuliza kuhusu magari haya huanzia hapohapo, kwenye baridi. Na mimi nasema woga huo tumeuazima kwa watu wenye hali ya hewa nyingine. Umetufumba macho tusiione hatari iliyolala uani kwetu.

Tuanze na ukweli wa baridi, maana ni ukweli. Norway kuna shirikisho la wenye magari liitwalo NAF. Kila msimu wa baridi, na tena kiangazi, huchukua magari mapya ya umeme, huyachaji yakajaa, huyaingiza barabarani mpaka yazime, kisha hulinganisha kilomita zilizopatikana na zile zilizoandikwa na kiwanda. Namba za kiwanda za Ulaya hupatikana kwa kipimo kiitwacho WLTP, ambacho hufanyika chumbani kwenye nyuzi joto 23. Hebu iweke namba hiyo kichwani: nyuzi 23 ni asubuhi ya Tanga wakati wa kusi, mtu anapovuta shuka kidogo. Gari la Ulaya linapimwa kwenye hewa inayofanana na yetu, kisha linapelekwa kuishi kwenye barafu. Lazima lipungukiwe.

Upungufu wenyewe una sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza iko ndani ya betri. Betri ya lithiamu inafanya kazi kwa chembe za ioni kusafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili, zikiogelea ndani ya kimiminika kiitwacho elektroliti. Baridi ikizidi, kimiminika kinakuwa kizito na safari inakuwa ya taabu, kama kile kijiti cha mpwa wangu ndani ya chupa. Umeme umo, ila hautoki wote kwa wepesi. Na wakati wa kuchaji ni vibaya zaidi, kwa sababu ioni zikisukumwa kwa nguvu kwenye betri iliyopoa sana hazipati nafasi ya kuingia ndani ya grafiti, yaani ile kaboni ya upande wa kupokelea chaji, zinabaki kujipaka juu yake kama metali. Hayo ni madhara ya kudumu. Ndiyo maana kompyuta ya gari hukataa kuchaji haraka betri ikiwa baridi, na ndiyo maana Januari 2024, Chicago ilipopigwa na baridi kali, magari ya umeme yalipanga foleni ndefu kwenye vituo vya chaji. Betri zilifika zimepoa, zikawa zinapokea umeme kwa kijiko.

Sehemu ya pili ndiyo kubwa, na haimo kwenye betri hata kidogo. Ni hita. Injini ya petroli ni kama jiko la mkaa: unapika, na jikoni kunapata joto bila kulilipia. Zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo kwenye petroli hupotea kama joto, na nchi za baridi hulichukua joto hilo la kutupwa wakaota. Mota ya umeme haitupi kiasi hicho. Takribani sehemu tisa kwa kumi za umeme inaoupokea zinakwenda kwenye magurudumu, kwa hiyo anayetaka kuota moto ndani ya gari la umeme lazima auchote kwenye betri ileile inayomsukuma. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2019. Kwenye baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, magari yalipoteza kwa wastani asilimia 12 ya masafa yake, yaani kilomita za chaji moja, hita ikiwa imezimwa. Ilipowashwa, yalipoteza asilimia 41. Tofauti hiyo yote ni ya kuota.

Mafundi nao hawakulala. Magari mengi sasa yana pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa: badala ya kutoa joto ndani na kulitupa nje, inalikusanya nje na kuliingiza ndani, kwa umeme kidogo kuliko hita ya waya. Nissan Leaf, gari la umeme la Kijapani, ilianza kuwekewa pampu hiyo kwenye toleo la mwaka 2013. Wenyeji wa huko pia wamejifunza kulipasha gari joto asubuhi likiwa bado limechomekwa ukutani, ili joto la kuanzia litoke kwenye umeme wa nyumba. Matokeo yake ni kwamba Norway hiyohiyo ya kwenye video, mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme tupu. Watu wanaoishi na theluji miezi mitano hawangenunua kitu kinachowaacha njiani.

Sasa nirudi kwenye chupa ya dada. Mafuta yaliyoganda Lushoto yaliyeyuka Segera, yote, bila kupungua. Masafa yanayopotea kwa baridi ni ya aina hiyo. Dereva wa Oslo aliyekosa kilomita 100 mwezi wa pili anazipata mwezi wa sita, betri ni ileile. Baridi inakopa, na inalipa.

Joto halikopi. Mafuta ya nazi ukiyaacha kwenye jua la mchana, juma baada ya juma, hayagandi, yanabaki maji mazuri ya kumiminika. Siku unayoyanusa yameshachacha, na hakuna friji ya kuyarudisha. Betri ndivyo inavyokufa kwenye nchi za joto: inaonekana nzima huku inaliwa. Juu ya grafiti, ndani ya kila seli, kuna utando mwembamba unaojijenga tangu siku ya kwanza. Unahitajika, bila huo betri haifanyi kazi. Lakini unaendelea kunenepa kadiri miaka inavyokwenda, na kila unavyonenepa unameza lithiamu ambayo ilikuwa ya kubeba umeme. Ni kama ukoko chini ya sufuria: wali ulioshika ukoko hauhesabu tena kwenye sahani za wageni. Moto ukiwa mdogo, ukoko ni mwembamba. Wanakemia wana kanuni yao ya kukadiria kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mambo kama hayo huelekea kuongezeka maradufu. Na betri iliyojaa kabisa, ikaachwa imejaa juani, inaharibika haraka kuliko iliyo nusu.

Ushahidi wa jambo hili uko wazi tangu zamani. Leaf za kwanza zilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Betri yao haikuwa na feni wala maji ya kuipoza, ilitegemea upepo wa barabarani tu. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, walianza kulalamika kwamba kipimo cha afya ya betri kinashuka kabla gari halijafikisha hata miaka miwili. Kipimo hicho kina mistari 12 pembeni mwa dashibodi, na wa kwanza ukizimika maana yake karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Kampuni ikaongeza dhamana ya kupungua kwa uwezo, miaka 5 au takribani kilomita 96,000, na kwa magari ya mwaka 2015 ikaleta betri yenye kemia inayovumilia joto zaidi. Wenye magari ya aina hiyohiyo waliokuwa kwenye miji ya baridi hawakuyaona hayo kwa kasi ile. Theluji tunayoiogopa kwenye video ilikuwa inawatunzia betri zao.

Mimi siishi Arizona, na Tanga haifiki nyuzi 40. Lakini Arizona ina miezi ya baridi inayoipumzisha betri. Sisi hatuna. Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma, mchana unazunguka nyuzi 32 au 33, usiku haupoi sana, na hata kusi ikiingia ni nafuu ya nyuzi chache tu. Nenda stendi ya Kange saa nane mchana mwezi wa pili. Weka kiganja kwenye boneti ya gari lililosimama tangu asubuhi, utakiondoa kabla hujahesabu mbili. Lami chini yake inatoa mvuke wa joto unaoifanya miguu ya watu ionekane inacheza. Betri ya gari la umeme imelala pale chini kabisa, kati ya lami na sakafu. Hakuna video ya kutisha itakayopigwa hapo, kwa sababu gari litawaka na kuondoka vizuri.

Tena litaondoka vizuri kuliko lile la Norway, na hapa ndipo mnunuzi anapopotezwa. AAA walewale walipima pia joto la nyuzi 35: kiyoyozi kikiwa kimezimwa masafa yalipungua asilimia 4, kikiwaka asilimia 17. Kwa hiyo siku ya kwanza gari la umeme hapa Tanga litampendeza mwenye nalo. Hewa ni ya uvuguvugu, betri imechangamka, barabara za mjini ni tambarare. Atawaambia majirani kwamba maneno ya watu yalikuwa uongo. Miaka mitatu baadaye atashangaa mbona Muheza kwenda na kurudi imekuwa ya kuhesabu.

Nilikaa na shemeji jioni moja tukapiga hesabu kwa kalamu, kwa sababu tangazo alilolipenda lilikuwa na namba nzuri sana: Leaf ya yuniti 24 (yuniti ni zilezile za LUKU), kilomita 228 kwa chaji moja. Namba hiyo si ya kubuni, ni ya kipimo cha Japani cha wakati ule. Lakini Marekani, gari hilo la mwaka 2014 na 2015 liliandikiwa maili 84, yaani kilomita 135. Gari moja, betri moja, kiwanda kimoja. Kutoka 228 hadi 135 ni upungufu wa asilimia 41, sawasawa na ule wa hita kwenye barafu ya AAA. Baridi kali kuliko zote ambayo mnunuzi wa Tanga atakutana nayo iko kwenye karatasi ya tangazo.

Kisha tukaweka umri. Tukachukulia betri imebaki na asilimia 70 ya afya yake, jambo la kawaida kwa gari la miaka kumi la aina hiyo. Kilomita 135 zinakuwa kama 95. Kutoka Tanga hadi Mombo, kwa kupitia Segera na Korogwe, ni zaidi ya kilomita 120. Shemeji akaiweka kalamu chini. Safari ya Lushoto aliyokuwa anaiogopea baridi ingeishia njiani, kwenye joto la bondeni, kabla hajaanza kuupanda mlima.

Na huo mlima nao tuuzungumze, kwa sababu gari lenye betri kubwa zaidi litafika, na likifika kitakacholisumbua ni mwinuko. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na unapanda karibu mita 1,000. Kuliinua gari lenye watu wanne na mizigo, tuseme kilo 1,800, kwa urefu huo kunataka yuniti 5 za umeme kwa hesabu ya fizikia tupu, kabla hujaongeza umeme wa kusukuma magurudumu na upotevu wa njiani. Hita ya saa nzima kwenye baridi ya Lushoto, ambayo usiku wa mwezi wa saba hushuka chini ya nyuzi 15, haiwezi kula nusu ya hizo kwa urahisi. Sweta ya mpwa wangu inatosha.

Kuna jambo moja la mlimani ambalo sijamsikia mtu akiwaeleza wanunuzi, na linanipa wasiwasi. Gari la umeme likiteremka hugeuza mota kuwa jenereta: linajizuia na papo hapo linarudisha umeme kwenye betri. Raha sana kwenye kona zile za kushukia Mombo, unaweza kwenda mbali bila kugusa pedali ya breki. Lakini mtu akilala Lushoto, akachaji usiku kucha mpaka asilimia 100 kwa tabia yetu ya kujaza tenki kabla ya safari, asubuhi betri haina pa kuuweka umeme huo. Gari halijizuii, mzigo wote unahamia kwenye breki za kawaida, kwenye mteremko mrefu wenye bonde upande mmoja. Anayeanza safari juu aondoke na asilimia 80 tu. Mteremko wenyewe utamwongezea.

Tabia za kulinda betri si ngumu wala hazina gharama. Kivuli cha mwembe ni dawa. Chaji usiku wa manane gari likiwa limeshapoa, si saa tisa alasiri likitoka juani. Usiliache limejaa siku nzima kama huendi mbali. Wanaoweza kumudu magari mapya zaidi watafute yenye betri inayopozwa kwa maji, au zile za lithiamu na chuma na fosfati, ambazo kwenye baridi ni wavivu kuchajiwa lakini joto na kujazwa huvivumilia vizuri. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutosoma majedwali ya Norway kama yalivyo: betri inayoshika mkia kule inaweza kuwa ndiyo inayotufaa hapa.

Ninachokidai zaidi ni kwa wauzaji na wakaguzi. Shemeji alipoomba picha za gari, muuzaji mmoja alimtumia picha 36. Nilizihesabu. Viti vya mbele, viti vya nyuma, redio, tairi ya akiba, hadi kishikio cha kikombe kimepigwa mara mbili. Ya dashibodi ikiwa imewashwa, yenye ile mistari 12 ya afya ya betri, hakuna. Kilomita zilizotembewa zimeandikwa kwa wino mkubwa, kana kwamba tunanunua injini. Kwenye gari la petroli kilomita zinakupa habari. Kwenye gari la umeme la aina hii, lililotembea kilomita 40,000 Okinawa, kusini mwa Japani, kwenye joto linaweza kuwa limechoka kuliko lililotembea 80,000 Hokkaido, kaskazini, kwenye theluji. Wa Hokkaido umchunguze kutu chini, kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani, lakini betri yake huenda ndiyo ya kuchukua.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa, kupitia jukwaa lake la kanuni za magari, ulipitisha kanuni ya uimara wa betri: gari la umeme liweze kumwonyesha mwenye nalo afya ya betri yake, na betri isishuke chini ya asilimia 80 ndani ya miaka 5 au kilomita 100,000, wala chini ya 70 ndani ya miaka 8 au kilomita 160,000. Hayo ni ya magari mapya ya nchi zitakazoikubali kanuni. Yanayoshushwa bandarini kwetu ni yale ya kabla yake. Kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji zaidi cheti cha afya ya betri kitakachofungamana na kila gari la umeme linaloingia, kama tunavyodai namba ya chesisi. Kupima si kazi ya maabara. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinazungumza na simu, na fundi yeyote makini anaweza kujifunza kukisoma kwa siku moja. Bila hivyo tutaletewa mafuta yaliyochacha kwenye chupa inayong'aa.

Nasema haya kwa sababu nayataka magari haya yafanikiwe hapa. Tanga ni mji wa baiskeli, safari zetu ni fupi, Chumbageni hadi Pongwe si mwendo wa kumtoa mtu jasho. Umeme tumeuzoea kuuona ukitoka mtoni kwetu: Hale yenye megawati 21 na Pangani yenye 68 ziko mkoani humuhumu, na bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika. Bajaji ya umeme inayozunguka barabara za mjini kutwa na kulala kwenye chaji usiku ingemwokolea dereva hela nyingi. Kitakachoiua ndoto hiyo ni watu mia moja wa mwanzo kuuziwa betri zilizoliwa, kisha wasimulie mtaani kwamba umeme haufai.

Shemeji hajakata tamaa. Safari ya Lushoto ameiacha kwa basi, gari atalitumia dukani na shuleni. Jana usiku alimwandikia yule muuzaji ujumbe, akanionyesha kabla hajautuma. Ulikuwa na maneno manne: "Washa gari, piga picha." Bado anasubiri.